Mashine Ikikushauri, Uliza Kwanza Anakula Wapi



 Leo nimeona niwasimulie jambo lililotupata nyumbani kwetu Gitega katika Ramadhani ya mwaka 2025. Si jambo la kuandikwa magazetini, lakini lilitutoa jasho, na nusura litutie aibu mbele ya watu wanaotuamini. Naliandika kwa sababu familia nyingi siku hizi zinauza vitu vyao vidogo vidogo kwa njia ya simu: huyu mitandio, yule asali, mwingine keki za harusi. Na kila anayelipia tangazo kwenye mtandao hufika siku akakuta mashine inamwambia: ongeza hiki, badilisha kile, panua pale. Je, afuate au asifuate? Sisi tulifuata yote usiku mmoja. Sikilizeni yaliyotokea.

Biashara yenyewe

Dada yangu mkubwa anakaa Muyinga, kule kaskazini-mashariki, mji ambao tangu mwaka 2025 umeingia katika mkoa mpya wa Buhumuza. Yeye ni fundi cherehani. Anashona kanzu za watoto, mitandio na magauni ya sikukuu pamoja na kina mama wengine wanne, mmoja wao ni mjane mwenye watoto watatu. Kutoka Muyinga si mbali kufika Kobero kwenye mpaka wa Tanzania, na vitambaa wanavipata kwa njia hiyo. Mimi niko Gitega, kazi yangu ni kutafuta wateja. Nguo zinakuja kwa basi kupitia Karuzi, nami nazipokea.

Miaka yote tuliuza kwa mdomo tu. Baada ya tarawehe, kwenye harusi, kwenye akika, mama mmoja anamwambia mwenzake. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na sisi tulikaa na methali hiyo tukiridhika. Lakini tangu Gitega ilipofanywa mji mkuu wa kisiasa mwanzoni mwa mwaka 2019, mtaani kwetu tumeona nyuso nyingi tusizozijua. Kijana wangu anayesoma sekondari akaniambia, "Mama, hawa watu hatuwakuti kwenye harusi zetu. Tuwatafute kwenye simu zao."

Nikampigia dada. Dada akakaa na wenzake, wakakubali kutoa dola 60 kutoka katika sanduku lao la akiba. Walio nje ya nchi huenda wasielewe uzito wa dola 60 kwa mafundi wa Muyinga. Mwaka huo bei ya dola benki ilikuwa karibu franka 2,900, lakini dola za benki hupati, na mtaani bei ilikuwa zaidi ya maradufu. Tena matangazo haya hayalipwi kwa Lumicash, yanataka kadi ya benki ya kimataifa. Basi mdogo wangu aliyeko Ubelgiji akakubali kadi yake itumike, nasi tukawapa wakwe zake hapa Gitega franka za thamani hiyo.

Kina mama waliweka sharti, na sharti hilo mlikumbuke: dola 2 kwa siku, kwa siku 30, na tangazo lionekane Gitega na miji ya jirani tu, kwa maana huko ndiko basi linakofika. Nikasema sawa, dada. Nikaandika katika daftari.

Siku kumi za mwanzo

Jukwaa tulilotangaza nalo silitaji jina. Majukwaa haya yanafanana, na kosa nililolifanya ningelifanya popote.

Siku kumi za mwanzo tulitumia dola 20. Walioligusa tangazo hawakuwa wengi. Nilipokea simu 11, nyingi za hapa Gitega, moja ya Karuzi na mbili za Ngozi. Walionunua walikuwa sita. Mmoja alichukua kanzu nne kwa watoto wake na akalipa palepale. Alhamdulillah, kwetu hiyo ilikuwa baraka. Dada alipopata habari alisema atanunua vitambaa zaidi.

Siku ya kumi na moja, tumetoka tarawehe, kijana akafungua akaunti tuangalie. Juu kabisa palikuwa na alama: asilimia 62. Chini yake palikuwa na orodha ya mapendekezo, na kila pendekezo limeandikwa litaongeza asilimia ngapi. Ongeza pesa za kila siku, utapata asilimia kadhaa. Panua eneo, asilimia kadhaa. Iache mashine ichague yenyewe mahali pa kuliweka tangazo. Ongeza maneno haya ya kutafutiwa. Na mwisho palikuwa na kitufe cha kuiruhusu mashine itekeleze mapendekezo yake baadaye bila kutuuliza tena.

Wazazi wenzangu, mnajua jinsi mzazi anavyojisikia mtoto akileta ripoti ya shule yenye 62 kwa mia. Hakufeli, lakini moyo hautulii. Kijana naye ni mtoto wa mitihani, alitaka 100. Mimi nikajiambia, waliotengeneza kitu hiki ni mabingwa, wana kompyuta zinazojua yanayotokea dunia nzima, sisi ni nani? Tukabonyeza kubali, kubali, kubali. Tukapandisha pesa kutoka dola 2 hadi 5 kwa siku. Alama ikafika 98. Tukalala tukifurahi kama watu waliofaulu.

Siku tano

Kesho yake walioligusa tangazo waliongezeka sana, karibu mara tano. Kijana akafurahi. Simu yangu haikulia. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu akanipigia mtu aliyesema yuko Kinshasa, akauliza bei ya gauni. Nikamweleza, akauliza litamfikaje, sikuwa na jibu. Mwingine alipiga kutoka Dar es Salaam. Wa tatu sikumwelewa alitaka nini. Katika siku zile tano nilipata simu tatu tu, na mnunuzi hata mmoja.

Jirani yangu akaniambia mwanawe wa miaka minane ameliona tangazo letu ndani ya mchezo wa simu, akaligusa ili liondoke aendelee kucheza. Akaongeza kwa aibu kwamba tangazo lililofuata baada ya letu lilikuwa la kamari. Nilinyamaza. Gauni alilolishona dada yangu kwa mikono yake akiwa na saumu, tumelipa pesa liwekwe pale.

Siku ya tano mdogo wangu akapiga kutoka Ubelgiji. "Dada, mmebadilisha nini? Jana kadi imekatwa dola 9." Tukakaa kuhesabu. Siku zile tano zilikula dola 38. Katika dola 60 zilibaki 2, na Idi bado nusu ya mwezi.

Tulikuwa tumeandika dola 5 kwa siku, kwa nini zikaenda 9? Baadaye nilisoma maelezo ambayo ningepaswa kuyasoma mwanzo. Katika Google Ads, kwa mfano, kiasi unachoandika cha kila siku ni wastani. Siku moja wanaweza kutumia hata maradufu ya kiasi hicho, ilimradi kwa mwezi wasivuke hesabu yake yote. Jambo hilo limeandikwa wazi, halikufichwa. Mwenye duka kubwa halimsumbui. Lakini mwenye dola 60 anaweza kumaliza fungu lake kabla mwezi haujafika popote. Tena nikasoma kwamba hapohapo mipangilio ya kawaida ya eneo huwahesabu hata watu walioonyesha kuvutiwa na mahali ulipopataja, bila ya kuwa wako pale. Ukitaka walioko Gitega kweli kweli, lazima ubadilishe mwenyewe.

Safari ya Muyinga

Ningeweza kumwambia dada kwa simu. Baba watoto akakataa. Akasema, "Pesa uliichukua kwa mkono, habari yake uipeleke kwa miguu." Nikaenda. Wakati ule mafuta ya magari yalikuwa ya shida nchini, nikangoja gari kutwa nzima, nikafika Muyinga kina mama wameshafuturu.

Walikuwa wamekaa wote watano barazani. Nikawaeleza kila kitu, alama 62, alama 98, dola 38. Yule mjane hakusema neno, aliinama tu akikunja kitambaa kilichokuwa mapajani. Nilijua fungu lake lilikuwa la viatu vya Idi vya watoto wake.

Dada hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu. "Huyo aliyekushauri, yeye anakula wapi?"

Nikasema, sijaelewa dada.

Akasema, "Sokoni kwetu dalali wa ng'ombe anakula kwenye bei. Ng'ombe akiuzwa ghali, fungu lake linakua. Akiniambia ng'ombe huyu ni mzuri, namsikiliza, kwa sababu anawajua ng'ombe kunishinda. Akiniambia ongeza pesa, nakumbuka anakula wapi. Huyo wako anakula wapi?"

Nikajibu: anakula kwenye kila kidole kinachogusa tangazo. Akigusa mnunuzi anakula, akigusa mtoto anayecheza mchezo anakula vile vile.

"Basi," akasema dada, "hakukudanganya. Alikushauri kwa faida ya tumbo lake. Wewe ndiye uliyempa mkoba aushike."

Maneno hayo yaliniingia. Sisi tumefunzwa tangu chuoni kwamba anayeombwa shauri amebebeshwa amana. Kwa mwanadamu tunalijua hilo, ndiyo maana tunamwendea mzee, shangazi au shekhe asiye na maslahi katika jambo letu. Lakini mashine tuliipokea kana kwamba haina mwenyewe, na mwenyewe anaye. Google ilianza kuuza matangazo mwaka 2000. Mwaka 2023 kampuni mama yake, Alphabet, ilipata mapato ya dola bilioni 307 hivi, na zaidi ya robo tatu yalitokana na matangazo. Meta, wenye Facebook na Instagram, karibu mapato yao yote ni matangazo. Mtu hufungua ukurasa, na kabla hajafumba jicho mnada umeshafanyika wa kuamua tangazo la nani lionekane. Pesa uliyo tayari kutoa huhesabiwa, na ubora wa tangazo nao huhesabiwa. Sasa mwenye mnada anapokuambia utoe zaidi, huenda ni kheri kwako, lakini kheri yake yeye ni ya hakika.

Nani alipe?

Usiku ule likabaki swali la hasara. Mama mmoja alisema ni qadar ya Allah, tugawane. Nilitamani sana kukubali. Lakini dada akasema tumuulize mwalimu wa madrasa, na asubuhi tukaenda.

Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama kulikuwa na sharti. Nikamwonyesha daftari: dola 2 kwa siku, Gitega na jirani. Akasema aliyetumwa na watu kwa pesa yao, akakaa ndani ya mipaka waliyomwekea, hasara ikitokea bila ya uzembe wake si juu yake. Akivuka mpaka bila idhini yao, analipa. Hakuongeza neno, wala hapakuwa na haja.

Dola 38, kwa bei ya mtaani, zilipita franka laki mbili. Tulizitoa mimi na baba watoto katika pesa tulizoziweka kwa ajili ya Idi yetu. Nguo zilizobaki tuliziuza kwa njia ile ya zamani, mlango kwa mlango, na Alhamdulillah nyingi zilikwisha. Siku ya Idi watoto wa yule mjane walivaa viatu vipya. Wangu walivaa kanzu za mwaka uliopita, na ya yule mdogo ilikuwa imempanda juu ya kifundo cha mguu. Mama anayeuza kanzu, mwanawe hana kanzu! Watu walicheka, nami nikacheka nao, lakini kijana wangu mkubwa hakucheka. Aliniambia, "Mama, mimi ndiye niliyebonyeza." Nikamwambia tulibonyeza wote wawili.

Tunavyoamua sasa

Ndugu zangu, msinielewe vibaya. Sisemi mapendekezo yote yakataliwe. Tulipoyapitia upya tulikuta katika orodha ileile mawili yaliyokuwa mazuri, na tuliyapuuza tukikimbilia makubwa. Moja lilisema tuweke namba ya simu ndani ya tangazo, mtu apige moja kwa moja. Jingine lilisema tuchague saa, maana tangazo letu lilikuwa likionekana usiku wa manane, na mimi nimelala. Yote mawili hayakutaka hata senti moja zaidi.

Kwa hiyo sasa pendekezo likija, tunalipitisha katika maswali manne, na kijana ameyabandika ukutani:

1. Linamsaidia mnunuzi atufikie, au linaongeza matumizi tu? La kwanza tunalijaribu. La pili linangoja.

2. Tukilifuata, tangazo litawafikia watu ambao tunaweza kuwapelekea nguo? Mashine haijui kama basi la Karuzi limepata mafuta leo. Sisi tunajua.

3. Linatunyang'anya uamuzi? Kitufe cha kuiruhusu mashine ijiamulie tumekizima. Na tumechagua wenyewe mahali tangazo lisiwekwe, michezo ya watoto ikiwa ya kwanza.

4. Wenye pesa wameridhia? Sharti likitaka kubadilika, napiga simu Muyinga kwanza.

Likipita yote manne, tunalijaribu peke yake kwa siku saba. Ukibadilisha mambo matano kwa usiku mmoja kama tulivyofanya sisi, hutajua lipi lilileta kheri na lipi lilileta shari. Na katika daftari hatuandiki walioligusa tangazo. Tunaandika simu zilizopigwa, nguo zilizouzwa, na pesa iliyobaki mkononi. Haraka haraka haina baraka, hata kwenye mtandao.

Ama kuhusu ile alama, kijana aliniletea habari iliyonichekesha. Google wenyewe wanaeleza kwamba katika Google Ads alama kama hiyo hupanda ukilitekeleza pendekezo, na hupanda pia ukilikataa na kuliondoa. Maana yake unaweza kukataa yote ukapata 100. Basi alama haikuwa ripoti ya mauzo yetu hata kidogo. Ilikuwa inaonyesha tumeishughulikia orodha yao kiasi gani. Nikakumbuka furaha yetu usiku ule wa 98, nikajionea haya.

Ilipokaribia Idi ya kuchinja, mwezi wa Juni mwaka uleule, nilidhani kina mama wa Muyinga hawatataka tena kusikia habari ya matangazo. Dada akaniambia wamekaa wakakubaliana kutoa dola 20. Aliyesema wa kwanza tujaribu tena ni yule mjane. Tulitumia dola moja kwa siku kwa siku 20, Gitega na Muyinga basi. Tukapata wanunuzi 14. Si utajiri, na mpaka leo wanaokuja kwa mdomo wa mama mmoja kwa mwenzake ni wengi kuliko wa tangazo. Lakini pesa ilikwenda pale walipotaka iende, na safari hii mwanangu mdogo alipata kanzu ya urefu wake.

Nawaomba wazazi wenzangu, vijana wenu wakiwaletea mambo haya msiwakatishe tamaa, wanajua mengi tusiyoyajua. Kaeni nao, soma pamoja nao maandishi madogo, na muulizane lile swali la dada yangu kabla hamjabonyeza. Na mwenye pesa ya watu mkononi ajichunge zaidi.

Tunamuomba Allah (SW) atubarikie katika riziki za halali, atulinde na kiburi na pupa, na atujaalie kuzitunza amana za watu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wasalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Dada yenu, Gitega